Kipande cha Miraba Thelathini

Nilianza na kisanduku cha kutafutia:
mstari mweupe, mshale unaopepesa,
na chini yake maneno niliyoyaonea fahari,
"Andika jina, au mwaka, au namba ya jalada."
Kioo kikawaka katika chumba cha nyuma ya boma, Lindi,
feni ikizungusha joto lilelile.
Siku tatu watu waliingia,
wakakitazama kama mtu anavyomtazama ofisa,
wakatoka.

Siku ya nne akaja Bi Somoe Nachinuku,
amevuka kutoka Kitunda, pindo la kanga limelowa.
Jina?
"La baba lipi? La kwao au la shambani?"
Mwaka?
"Ule nzige walipokula hadi makuti."
Namba?
Akaniangalia kwa huruma,
mimi niliyesoma.

Babaye alikata mkonge.
Karani hakuweza kulitamka jina lake, au hakutaka,
akaandika Sabuni.
Sabuni, mkataji, kambi ya pili.
Tulimpata saa kumi na moja jioni, kwa mikono,
baada ya majalada arobaini na chafya zisizo idadi:
karatasi ya rangi ya chai, mchwa wameionja pembeni.
Kipande.
Miraba thelathini,
na kila siku ya kazi, alama ya penseli.

Hakukisoma. Hakusomeshwa.
Aliweka kidole kwenye mraba wa kwanza,
akakiburuza hadi wa pili, wa tatu,
midomo ikihesabu kwa Kimwera,
na mimi nyuma yake, kompyuta mapajani,
nikaiona kazi yangu ya miezi sita
ikifanywa na kidole kimoja chenye hina.

Usiku ule nilifuta kisanduku.
Nikachora kipande, kikajaa kioo kizima,
miraba mikubwa ya kutosha kidole kilichopinda.
Gusa mmoja, siku inafunguka:
meneja analalamikia mvua,
bei ya unga, ratiba ya treni la Nachingwea,
waliolazwa kwa homa,
na majina yaliyoitikiwa alfajiri ile,
Sabuni, Tarumbeta, Shilingi, Kesho-Sitaki.
Sukuma kushoto, nzige wanatua.
Sukuma kulia, wameruka,
njaa imebaki.

Bwana Mchekenje wa masjala akanikemea:
"Majalada yana utaratibu wake, kijana."
Nikauweka chini kabisa, kwa herufi ndogo.
Anautumia.
Yeye peke yake.

Lakini miraba minne ilikuwa mitupu.
Hakuna penseli, hakuna barua, hakuna hata mvua.
Niliipaka kijivu, nikaandika "Hakuna taarifa",
nikalala, nikaamka, nikafuta.
Mahali pake nikatia kipaza sauti kidogo
na neno moja: Sema.

Ijumaa Bi Somoe alirudi na wajukuu wawili.
Akaenda moja kwa moja kwenye ile minne,
nami nikajiandaa, moyo mkononi:
mgomo, nilidhani. Mazishi.
Labda ndiyo wiki aliyozaliwa yeye.
Akacheka mpaka akashika meza.
"Mabibo!" akasema. "Mwezi wa kumi huo.
Baba na uraka, nani angemtoa?
Na nyapara alikuwa naye, mkorosho uleule,
ndiyo maana hakuna aliyeandika."

Kioo kikanasa.
Sekunde kumi na nne, pamoja na kikohozi.
Sasa imo humo, juu ya barua za meneja,
na anayeugusa mraba ule
humsikia binti akimsema babaye
kwa jina lake, Nachinuku,
si la karani.

Mjukuu mdogo hakujali uraka.
Alikuwa amegundua mraba wa kumi na saba,
ambao ukifunguka hutoa mlio, ting,
kosa langu la mwanzo, nilikusudia kuuondoa.
Akaubonyeza. Akaubonyeza tena.
Mara ya ishirini akauliza,
"Huyu Tarumbeta ni nani?"

Mlio nimeuacha.