Kipaji cha Uso

Darasa la nne, Chavakali, wiki ya tamasha.
Mwalimu Egadwa akapita mstari kwa mstari,
ameinamisha kichwa, sikio lake ungo,
anapepeta.
Akafika kwangu, akasimama.
"Kageha, wewe fungua kinywa tu.
Sauti waachie wenzako."

Nikafungua kinywa tu.
Miaka thelathini na miwili.
Harusi ya dada, matanga ya baba,
wimbo wa taifa kila Madaraka:
sato ndani ya beseni,
anafungua, anafunga,
hakuna anayemuuliza neno.

Wanasema kipaji hutoka kwa Mungu.
Changu ni hiki hapa, cha uso,
kimepakwa unga tangu saa moja asubuhi.
Nina mashine ya kusaga pale karibu na soko.
Mashine yangu, deni la chama.

Na mashine, kama hujawahi kukaa nayo,
utadhani inapiga kelele moja.
Ikiwa tupu hulia juu, mtoto aliyenyimwa ziwa.
Mimina mahindi makavu, inashuka.
Mimina yaliyonyeshewa, inashuka tena, inakoroma.
Wimbi huipitisha kwa upole, kama anayekanyaga
chumba cha mgonjwa.
Nimewapa mgongo, nahesabu chenji,
na najua kimebaki kiasi gani mdomoni mwake.
Nani alinifunza?
Ni masikio yale yale.

Basi Jumanne moja, wateja hakuna,
nikasema *aaa*, niifuate.
Sauti ikapita kando,
mlevi anayetafuta mlango wake.
Ikarudi. Ikagonga kwa jirani.
Nikaivuta polepole, na nilipokaribia
kitu kikaanza kutetemeka kati yetu,
wuu, wuu, wuu,
kikapunguza mwendo,
wuu,
wuu,
kikatulia.
Nilishika ukuta.
Sikujua kwamba ndani ya kelele kuna mahali
pa kusimama.

"Kageha, jino linakuuma?"
Mama Vugutsa, na debe lake kichwani.
"Naimba."
Alichukua unga wake, akaniambia pole.

Miezi minane hivyo. Kisha Ijumaa, kwaya.
Kiongozi, Lisamula, kijana wa juzi tu,
akauliza, "Mama, umewahi kuimba wapi?"
"Kwa mashine."
Akacheka. Nikaimba. Akaacha kucheka,
ingawa hakusema vizuri, alisema, "Sauti ya pili,
kaa hapo kwa Mideva."

Huyo Mideva alizaliwa nayo.
Namuuliza, pale juu unapandaje?
"Si unapanda tu."
Hana la kunipa, maskini, hajui alichonacho.
Mimi kila kidato nakijua kwa jina,
maana kila kimoja kimeshaniangusha.

Sitawadanganya. Mwaka wa tatu huu,
na ubeti wa mwisho bado hunikimbia,
hasa tukiimba bila kinanda,
hasa wakinitazama.
Mideva hunigusa kwa kiwiko, nami nanyamaza,
nafungua kinywa tu, mstari mmoja, miwili,
kisha narudi ndani.
Siku hizi naujua mlango.

Juzi Mwalimu Egadwa alikuja na gorogoro mbili za wimbi.
Mkongojo, koti lile lile la kahawia.
Hakunikumbuka, au alinikumbuka.
Nikawasha. Nikamimina. Nikaimba nayo,
makusudi, kwa sauti,
nimemkazia macho.
Akainamisha kichwa. Ungo ule ule.
Nikangoja, mimi mwenye miaka arobaini na mitano,
mikono imeanza kutoka jasho la darasa la nne.

"Umelegea," akasema.

Moyo ukanishuka.

"Mkanda," akasema, akaielekeza mashine mkongojo.
"Mkanda umelegea. Imeshuka chini kidogo.
Na wewe umeshuka nayo."

Nikazima.
Nikachukua spana, nikaukaza mkanda,
yeye ameketi juu ya gunia, hana haraka.
Nikawasha.
Ikalia, juu kidogo kuliko jana,
nami nikaanza kuitafuta.