Daftari la Trela

Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa Kaberia,
mwandiko wa mtu mwenye furaha:
"Chuma milimita nne. Dhamana miaka mitano.
Muuzaji asema litarithiwa na wajukuu."
Wajukuu hatukuwa nao. Tulikuwa na kiinua mgongo changu,
miaka thelathini ya kusahihisha hesabu za watoto wa Umoja,
nikakitazama kikivutwa kutoka Barabara ya Enterprise,
cheupe, ubavuni kimebandikwa picha ya simba
asiyejua vumbi ni nini.

Kuanzia ukurasa wa pili, mwandiko ni wangu.

"Isiolo. Nati mbili za gurudumu la kushoto zimelegea.
Laisamis. Droo ya vijiko imejifungua yenyewe,
uma mmoja tumeuokota ndani ya unga,
mwenzake hatujamwona.
Kabla ya North Horr. Vumbi limepenya kwenye raba ya mlango
likalala kitandani kabla yetu.
Chalbi. Zipu ya hema. K. amesema neno ambalo sitaliandika."

Barabara ile haina shimo la kulaumu.
Ina vijituta tu, kama ubao wa kufulia,
na kijituta kimoja hakivunji kitu.
Kinachovunja ni kile cha elfu arobaini,
na hicho hukisikii.

Leo tuko Kariobangi, uani kwa Ombese.
Yuko chali chini ya ulimi wa trela, tochi mdomoni,
ameukuta ufa, anaufuata kwa ukucha
kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha.
"Mama, hapa walichomelea juu juu.
Ni kama andazi la haraka, nje limeiva,
ndani unga."

Kaberia hasemi. Anapima ufa kwa kidole gumba,
anapima tena, kana kwamba kidole kitamhurumia.

Foleni ina watu wawili.
Harpreet wa Ngara amevunja springi tatu kwa miaka miwili
na bado analisifu lake:
"Linavunjika mahali pale pale kila mara.
Angalau najua pa kutazama."
Kijana Lesirma, yeye lake alijiundia
kwa nyuma ya pikapu kuukuu na turubai la lori la maharagwe.
Tulipomuuliza linadumu vipi, akacheka:
"Hili? Lina nini cha kuvunjika?
Kila kitu kilishavunjika kabla sijalinunua."
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikataka kusema,
lakini letu hata kutembea
sharti livutwe.

Saa kumi na mbili na nusu, stima ikapotea.
Kariobangi nzima, grinda zikanyamaza kwa mkupuo.
Chuma kimeunganishwa upande mmoja tu,
mshono bado mwekundu, ukififia gizani.
Ombese akafunga geti, akatuachia ufunguo.
"Laleni humo humo. Si ni nyumba?"

Tukalala humo.
Mara ya kwanza kulilalia mjini,
kati ya mapipa ya mafuta na ekseli za watu,
mbwa wa jirani akibweka kwa zamu.
Kaberia akaomba daftari, akaliwekea simu mwanga,
akasoma yote, Isiolo hadi leo,
akachukua kalamu, akakaa nayo.
Akanirudishia bila kuandika.

Mvua ikaanza saa saba.
Nilikuwa nimeshaweka sufuria kwenye kona,
ile kona ya kulia, juu ya miguu yake;
sikuwasha hata taa.
Tone la kwanza likaangukia sakafuni.
Nikaisogeza sufuria nusu shubiri
upande wa dirisha.
La pili likaingia.