Dakika Tisa

Darasa la sita, mwalimu Kerubo alitufundisha
kwamba kitenzi kina moyo, na moyo wake ni silabi moja:
bati linaliwa, bati limeliwa.
Nikaandika daftarini, nikapata vema kwa wino mwekundu,
nisijue kwamba nitakuja kuajiriwa
na silabi hizo mbili.

Chiromo, chumba cha chini, saa tano asubuhi.
Nimekata kipande cha bati kisichozidi ukucha
kutoka paa la mama kule Kariobangi
(sayansi gani hii, alinung'unika,
inayoanza kwa kunivujishia nyumba?)
nimekilaza baina ya vioo viwili
pamoja na tone la mvua iliyopitia moshi wa Lunga Lunga,
tone jembamba kuliko unywele.
Hadubini imeinamisha shingo.
Tunangoja.

Waliotutangulia walisoma maiti.
Walilichovya bati, wakalitoa, wakaliosha, wakalianika,
wakalipiga picha likiwa limetulia kama mtu wa studio,
kisha wakaandika: limeliwa.
Na nani aliuma kwanza?
Alianzia upande upi, kwa pupa au kwa kuonja?
Hayo yalimwagwa pamoja na maji ya kuoshea.

Sisi hatulitoi majini.
Tunalichungulia likiwa kazini.

Dakika ya tatu: hakuna.
Dakika ya kumi na moja: hakuna,
ila Mutheu amepiga chafya na skrini nzima ikatetemeka.
Dakika ya ishirini: kiputo.
Kimoja tu, ukingoni mwa mkwaruzo,
kimesita
kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu.
Kando yake zinki inafifia,
inatoa unga mweupe, punje, punje, kimya, punje.
Nimesahau kuandika saa.
Nimesahau chai.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hapa naona neno walilolibakiza:
nguo yenyewe ndiyo inayoliwa,
inajitanguliza mdomoni mwa maji
ili chuma kilichovikwa kipate mwaka mmoja zaidi.
Baba aligonga masanduku ya bati Kamukunji
miaka ishirini na saba.
Masikio yalimwisha huko.
Karo yetu ililipwa kwa masikio.

Dakika ya thelathini na nane, stima ikapotea.

Feni ikashusha pumzi. Skrini ikawa kioo, nikajiona.
Mutheu akatukana kwa Kikamba, kwa adabu.
Lekishon wa jenereta akaitwa, hakuwepo,
akaja, akatafuta ufunguo, ufunguo ukawa mfukoni mwake.
Na bati? Bati halidaiwi bili ya umeme.
Gizani mle lilikuwa linaendelea,
na hilo ndilo lililoniuma,
linaendelea bila mimi, bila shahidi, bila haya.

Taa ziliporudi, doa lilikuwa pale,
jekundu, limekaa kama mwenye nyumba.
Lilizaliwa nyuma ya mgongo wangu.

Mutheu akasema, unganisha tu mstari,
nani atajua?
Kwa kweli nilishika kipanya.
Mstari ungepita vizuri, ungependeza hata,
na mkubwa wetu anapenda mistari isiyokatika.
Nikauacha na pengo lake.
Chini yake nikaandika: hapa hatukuona.

Usiku, Kariobangi, mvua.
Mama ameziba nilipokata
kwa lami na kipande cha mfuko wa unga.
Nimesimama mlangoni na viatu vyangu mkononi,
nauliza kama mtaalamu:
Paa limevuja?

Linavuja, anajibu bila kuinua macho,
anasogeza beseni kidogo kushoto.