Saa Sabini na Mbili

Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, Himbi.
Miaka ishirini na sita nimewauliza watoto:
bomba mbili zitajaza pipa kwa saa ngapi
ikiwa chini pana tundu?
Sikujua tundu hilo lingenifuata hadi likizoni.

Likizo yetu ya kwanza tangu harusi.
Meli ya asubuhi, Goma hadi Bukavu,
kisha gari la kukodi, vilima,
na msitu ambamo gorila hula majani
bila kuulizwa wametoka wapi.

Bandari inataka kipimo kisichozidi saa sabini na mbili.
Msitu unataka kisichozidi arobaini na nane,
maana mafua yetu, wanasema, huwaua wenye msitu.
Labo hutoa jibu baada ya ishirini na nne.
Jumapili imefungwa.
Meli inang'oa nanga Jumanne, saa moja na nusu.
Nikachora mstari nyuma ya daftari la mahudhurio,
nikaweka nukta, nikafuta, nikaweka tena.

Kyakimwa alinitazama akichambua sombe.
"Umepata?"
"Nimepata. Tupimwe mara mbili:
Jumamosi kwa ajili ya maji,
Jumatatu kwa ajili ya nchi kavu.
Ila jibu la Jumatatu litatoka Jumanne saa mbili,
nusu saa baada ya meli."
Akacheka mpaka majani yakamwanguka.
"Mume wangu, hata pua zetu zina ratiba."

Jumamosi, saa nne, kijiti.
Muuguzi Byamungu hana haraka na pua ya mtu.
Machozi yakanitoka jicho moja tu, la kulia,
na mke wangu akalifuta kwa ncha ya kitenge
kama anayefuta ubao.

Jumatatu tukachukua karatasi, tukatoa pua tena.
Jumanne, bandarini: ndoo ya klorini,
kipimajoto kinachokulenga paji kama bastola,
na karani mwenye miwani iliyofungwa uzi.
"Huyu wa kwanza sawa.
Huyu wa pili si yeye.
Kadi inasema Kyakimwa. Karatasi inasema Kakimwa."

Nyuma yetu foleni ikaanza kunung'unika:
magunia ya viazi, kuku, mtu na godoro lake.
Mke wangu akasogea dirishani.
"Huyo Kakimwa ni mzima?"
"Ni mzima, mama. Imeandikwa."
"Basi mwache apande.
Mimi namsindikiza tu."

Karani akavua miwani.
Akaongeza ile *y* kwa kalamu nyekundu,
kwa bei ya soda moja,
akapiga muhuri juu yake, mara mbili,
kama anayeua mbu.

Sasa tuko majini.
Goma imebaki moshi na mawe meusi,
Idjwi inajivuta upande mmoja, kijani, polepole.
Mpwa wangu Paluku yuko dirishani pa labo,
ameahidi kupiga picha jibu la pili na kulituma.
Lakini huku simu haina mtandao,
na msitu, nimeambiwa,
haupendi picha, unapenda wino.

Saa nne kamili.
Naitoa karatasi ya Jumamosi mfukoni,
naitazama ikifa.
Haikubadilika rangi. Muhuri bado ni wa bluu.
Dakika moja iliyopita nilikuwa mzima kwa maandishi;
sasa, kati ya karatasi mbili, sijulikani.

Naye pia hajulikani, Kyakimwa wangu,
Kakimwa wangu,
anayemenya yai la kuchemsha
na kuweka maganda ndani ya bahasha ya labo.
Namwonyesha saa.
Hasemi kitu. Anapangusa kiganja kwenye kitenge,
ananiwekea kwenye paji la uso,
anakiacha hapo, akihesabu sijui nini.

"Una joto kidogo."
"Ni jua."
"Ni jua," anakubali,
na mkono hauondoi.