Visiwa vya Bahi

Mwalimu Chidawali hakuwa na ramani.
Ya shule ililiwa na mchwa, wakaanzia Bahari ya Pasifiki.
Kiangazi kile akatutoa darasani
hadi mbugani, pale tope lilipokauka
likapasukapasuka kama kisigino cha bibi.
"Hii ndiyo bahari," akasema.
"Ile nyingine hata mimi sijaiona."
Kigwe alikozaliwa, maji marefu kuliko yote
yalikuwa ya ndoo.

Tukaokota mavi makavu ya ng'ombe,
mashati ya shule tumeyakunja yawe vikapu,
tukaipanga dunia kwa sauti yake:
"Sogeza Kuba. Bado. Sogeza, mtoto, unaikanyaga Jamaika!"
Japani ilitaka mavi ya mbuzi, mengi, kwa mstari uliopinda.
Madagaska, Bukini ya wahenga, ikapata bonge kubwa,
maana huko ng'ombe wana nundu kama wetu
na watu huwafukua wafu wao, huwavisha sanda mpya,
hucheza nao ngoma.
Usiku ule nilimtazama bibi kwa jicho lingine.

Kila mtoto akasimama juu ya kisiwa chake.
Nyemo, Bukini.
Lechipya, Aislandi, penye barafu juu na moto chini;
akaruka ameshika unyayo, tukacheka.
Mimi Ukara, kule Ziwa Viktoria,
ambako shamba ni kiganja cha mkono
na samadi haitupwi.
Yeye mwenyewe alisimama katikati, baharini, mikono nyuma.
"Kisiwa ni nini?"
Ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote!
Korongo wakaruka kwa kelele zetu.
Hapakuwa na tone la maji hadi Manyoni.

Kisha masika, yale ya elnino.
Sulunga iliamka usiku, haikubisha hodi.
Maji yakaingia jikoni na kambale hai,
yakaondoka na mwiko.
Tukapanda juu ya tembe: bibi, mama, mimi, mbuzi watano,
debe la uwele,
udongo wa paa ukilainika chini ya magoti
kama mlenda.

Giza. Halafu, kutoka upande wa reli:
"Mbukwaaa! Bukini tupo! Watu saba!"
Nikainuka. "Ukara tupo! Watatu, na mbuzi!"
Aislandi ikajibu kwa mbali, inalia.
Kuba. Jamaika.
S-S-Sisilia, yule kigugumizi, na hakuna aliyecheka.
Siku nne tuliitana hivyo, usiku na mchana,
mpaka wazazi wakayashika majina.
"Muulize Kuba," bibi akasema, "kama wana kiberiti kikavu."

Siku ya tano treni ya kokoto ikafika kwenye tuta,
imebeba mitumbwi.
Tulihesabiwa. Visiwa ishirini na sita, vyote.

Mwalimu hakuwepo.
Alionekana alfajiri ya kwanza, kamba begani,
maji kifuani, akielekea kwa akina Sisilia.
Kuogelea hakujua; nani angemfundisha, Kigwe?
Na katika kuitana kule kote, nimekumbuka mara nyingi,
hakuna aliyemwita.
Tungemwita nani?
Alitugawia dunia nzima,
yeye hakujibakizia hata kinyesi cha mbuzi.

Sasa napima mpunga pale Bahi Sokoni.
Jana, mzani ukiwa na kutu na wateja hakuna,
nilikwenda mbugani. Tope limepasuka tena.
Ng'ombe wa akina Masinjisa walikuwa wamepita asubuhi,
wameangusha visiwa ovyo, bila latitudo.
Nikatafuta kikubwa, kikavu, cha kukipa jina lake.
Nikakanyaga kingine, kibichi, bado cha moto.
"Aislandi!" nikasema kwa sauti,
nikaruka ameshika unyayo mtu mzima wa miaka thelathini na tisa,
peke yangu, katikati ya bahari.