Risiti ya Mama Amoding

Mwamba wa Soroti umebeba mnara wetu,
na umeme ukikatika mnara hunywa dizeli
lita arobaini kwa usiku.
Nayajua haya kwa kuwa daftari ni langu.
Lina safu tatu:
fedha ya Hazina, ya Julai, huja Machi, nayo huja nusu;
fedha ya matangazo: sabuni, bima, mbegu chotara;
na safu isiyo na jina,
zinamoingia bahasha za wanaotaka habari yao itangulie.
Hiyo naiandika kwa penseli.

Bodi hukutana Kampala, ghorofa ya nne.
Wajumbe tisa, walioteuliwa na mkono mmoja,
hutuletea waraka wenye muhuri:
Idhaa iwe huru. Idhaa ibane matumizi.
Mkono mtupu haulambwi, sawa,
lakini uliojaa, jamani, ni lazima tuulambe?
Injinia Ekwaru nilimsomea waraka ule.
Akatumbukiza fimbo tangini, akaitoa, akaitazama:
"Uhuru umebaki vidole viwili."

Alhamisi moja akaingia Mama Amoding wa Gweri,
bodaboda imemvunja kiuno,
akatandaza mezani karatasi iliyokunjwa mara nane.
Risiti ya leseni ya redio, ya marehemu baba yake,
wino umegeuka rangi ya chai.
"Tulilipa," akasema. "Sasa nieleze.
Juzi saa moja ya jioni, saa ya bei za mnada,
mbona mlirusha hotuba, mkairudia, mkairudia tena?
Mimi Arapai nimeuza fahali
kwa bei ya mbuzi."

Nikatafuta safu ya kumtia.
Hazina siye. Muuza sabuni siye.
Wala si mjumbe wa bodi,
ingawa sijaona mjumbe
aliyepanda ngazi hizi na swali zito namna ile.

Akafungua fundo la leso, akatoa elfu tano.
"Si ya kutajwa jina, usije ukanisalimia hewani.
Ni ya dizeli. Na risiti unipe."

Kitabu cha risiti kilikuwa na vumbi.
Penye "Imepokelewa kutoka kwa"
niliandika: mwenye redio.
Kwa wino.

Jioni ile tulisoma bei:
Arapai, Kumi, Ngora, fahali, mtamba, ndama.
Tulipofika Katakwi
tangi likakauka.