Kandambili Moja, ya Kushoto

Karani anaita mara mbili: Jamhuri dhidi ya Asteria!
Jamhuri ni nani, namuuliza dada wa pembeni.
Ni wewe, mama, anasema. Ni sisi sote.
Basi Jamhuri imefunga kibwebwe,
imekuja kwa miguu kutoka Tandika,
imeacha mchele wa vitumbua kwenye ndoo,
na kufika saa tisa utakuwa umechacha.

Mara ya kwanza: upelelezi haujakamilika.
Mara ya pili: upelelezi haujakamilika.
Mara ya tano hakimu amepata udhuru.
Mara ya nane jalada liko kwa mtu ambaye hayupo.
Nimejifunza kuhesabu miezi kwa tarehe za kutajwa.

Shtaka ni wizi wa mtoto.
Wizi. Neno lile lile la kuku,
la simu iliyovutwa dirishani kwa waya.

Na wewe mama ulikuwa wapi?
Wakili wa utetezi anauliza kwa upole,
upole wa wembe mpya.
Nilikuwa nasugua sufuria, mheshimiwa.
Nilimwachia jirani.
Tulikuwa na ukuta mmoja, luku moja,
chumvi ikiisha kwangu ilikuwa haijaisha kwake.

Kielelezo P2, kandambili moja, ya kushoto, bluu,
imo ndani ya bahasha ya kaki, ina lebo na mhuri.
Iliokotwa mtaroni, nyuma ya choo.
Unaitambua? Naitambua.
Kamba yake niliichomelea mwenyewe kwa kisu cha moto.
Lakini mguu ulishahama humo, mheshimiwa.
Miezi kumi na tisa.
Siku hizi tunanunua namba ishirini na nane.

Kisha wakamleta mwenyewe,
Mwanamvua, miaka sita, na gauni la Idi,
juu ya stuli iliyoazimwa kwa mlinzi.
Unajua uongo ni nini?
Ni kusema umeoga na hujaoga.
Chumba kizima kikacheka, hata askari magereza.
Asteria naye alicheka,
na kicheko kile nilikijua:
miaka miwili kilinifikia kupitia ukutani.
Unaahidi kusema kweli?
Naahidi.
Akaisema yote, bila kumhurumia mtu:
siku tisa, Msamvu, chumba chenye pazia la njano,
kwamba hakupigwa,
kwamba alikula maini,
kwamba alisukwa twende kilioni,
kwamba aliitwa Zawadi,
na siku ya tatu akaitika.

Hapo ndipo nilipotoka nje.

Kwenye ngazi alikaa bibi mmoja anakula ndizi,
ganda akalikunja, akalitia mkobani.
Macho ya Asteria, yamezeeka tu.
Ametoka Songea kwa basi la usiku.
Hatukusalimiana.
Alisogea kidogo, kivuli kikatosha wawili.
Nikakaa.

Alipoulizwa kama ana la kusema
Asteria alisema: alikuwa analia.
Mama yake hakusikia.
Hakimu akaandika. Alichoandika sikijui,
ila mimi nimekiandika pia, na hakifutiki.

Miaka saba.
Watu wa mtaa walisema michache,
mmoja akapiga meno, mwingine akaniambia, furahi basi.
Mimi nilikuwa natazama vidole vyake ndani ya pingu,
vidole virefu vya msusi.

Kandambili, walisema, andika barua,
subiri muda wa rufaa upite.
Sikuandika. Waache wakae nayo.

Usiku Mvua ananiuliza:
kule Segerea nani anamsuka?
Namwambia, lala.
Naye hulala kwa kuhesabu, kama alivyofundishwa kule,
moja, mbili, tatu, mpaka hamsini,
na kwenye hamsini husimama
kama mtu aliyefika mwisho wa gati.
Kila usiku nimeusikiliza ule ukimya.

Jana nilimngoja palepale.
Nikasema: hamsini na moja.
Kitanda kililia kidogo, akageuka,
akanitazama gizani, muda mrefu.
Kisha akarudia.